Siku Omari Alipofunga Mdomo

Rehema alikuwa anamenya muhogo uani, naye mumewe, Omari, anamchekesha. Mikindani nzima ilimjua Omari kwa utani. Yeye Myao, na Wangoni ni watani wake; Mngoni akipita njiani, hapiti salama.

Mara akaingia Saidi, askari Mngoni, pamoja na mkubwa wake.

"Omari," alisema Saidi, "baiskeli ya Mehboob mwenye duka imeibwa jana. Watu wanasema wewe uliitamani sana."

"Nimeiba mimi!" Omari akajibu. "Nataka nikupakie, Mngoni wee, nikakuzike kwenu Songea!"

Saidi akacheka. Mkubwa wake hakucheka.

"Umekiri," alisema. "Twende kituoni."

Rehema alikuwa na haya. Hata sokoni huongea kwa kunong'ona. Siku hiyo alikimbia na kisu mkononi mpaka kwa jirani yake Athumani, mkalimani wa mahakama.

"Shemeji, mume wangu kachukuliwa na polisi! Katania tu!"

"Weka kisu kwanza, mama," alisema Athumani. "Sikiliza. Utani ni wetu. Mahakama haina mtani. Polisi wakimhoji, halazimiki kujibu. Anaweza kunyamaza na kuomba wakili kwanza. Wala asitie dole gumba kwenye maneno asiyoyaelewa. Mimi namfuata wakili Mohsinali. Wewe mwahi mumeo, kabla hajatania tena!"

Kituoni, Rehema alimsikia Omari ndani: "Bwana mkubwa, hata hiyo kofia yako nime..."

Haya ikamtoka. Akapaza sauti dirishani: "Baba Zainabu! Nyamaza! Hulazimiki kujibu. Omba wakili!"

Kisha Omari akasema taratibu, "Naomba wakili."

Mkubwa akaweka kalamu chini.

Mohsinali alipofika, aliketi kando ya Omari. Sasa Omari alieleza bila mzaha: jana alishinda Kilambo, harusini kwa binamu yake. Waliocheza naye ngoma wakaulizwa, wakasema ni kweli. Akaachiwa. Na baiskeli? Mkwe wa Mehboob alikuwa amekwenda nayo Mtwara bila kuaga!

Ijumaa, Saidi alikuja uani kula muhogo.

"Haya, Myao, ile kofia ya mkubwa wangu uliiba lini?"

Omari akafungua mdomo. Akamtazama mkewe. Akaufunga.

"Muulize wakili wangu," alisema, akimwonyesha Rehema.

Rehema akacheka kwa sauti, mpaka Athumani akamsikia kwake.