Walisema Damu Yangu Inaua Watoto

Nina miaka ishirini na tisa na nimezaa watoto wanne. Wasomaji wenzangu, kwa hesabu hiyo nimetukanwa, nimeletewa mke mwenza, na bado siibadilishi!

Sisi Wakonzo jina la mtoto hufuata zamu yake ya kuzaliwa. Mvulana wa kwanza ni Baluku, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka, wa nne Kule. Baluku wangu alizaliwa Bwera, mnene, hana kasoro. Mume wangu, dereva wa lori la chumvi ya Katwe, alifurahi hata akachinja mbuzi.

Kisha akaja mvulana wa pili... Alilia vizuri, lakini kesho yake macho na ngozi vilikuwa njano kama ndizi mbivu. Akafa kabla hajapewa jina. Mama mkwe akaamuru tusimtaje wala tusimhesabu, asije akawavuta wenzake. Ningembishia vipi, maziwa bado yananitiririka?

Mimba iliyofuata mume wangu alinipeleka zahanati, mama yake nyuma yetu. Muuguzi akauliza ni mimba ya ngapi, na kama nimewahi kupoteza mtoto. Kabla sijafungua mdomo mume wangu akajibu kuwa ni ya pili, na wa kwanza ni mzima kabisa. Muuguzi akaridhika, akasema naweza kuzalia nyumbani. Mvulana yule alitoka amevimba tumbo, akawa njano jua halijazama... Naye akafa, tukamzika migombani nyuma ya nyumba ya mama mkwe, kando ya mwenzake.

Ndipo maneno yakaanza! Eti damu yangu ni ya kichawi, eti nakula watoto. Mume wangu akaoa mke mwingine huko Kinyamaseke. Nilipopata mimba tena, mama yake akasema huyu naye nitamla.

Niliumia, lakini zaidi nilikasirika. Nikapanda lori la pamba hadi Kasese kwa dada yangu, kisha tukapanda mlima hadi hospitali ya mgodi wa shaba. Mume wangu akatufuata, maana watu walishaanza kumsema kwamba amenitelekeza. Daktari alipouliza ni mimba ya ngapi, mume wangu akaanza tena wimbo wake: ni mimba ya pili.

"Hapana," nikasema. "Hii iko ya ine. Bawili nilizika."

"Mutoto mwenye hakupata jina hatumuhesabu," mume wangu akanong'ona.

"Mimi namuhesabu. Nilimubeba."

Daktari akatupima damu sote wawili. Akaeleza kwamba damu ya mume wangu ina kitu ambacho yangu haina, na watoto walikirithi kwake. Wakati wa Baluku mwili wangu ulikuwa haujakijua. Baada ya hapo ukajifunza kupigana nacho, na kila mimba ukazidisha vita. Si uchawi! Akasema pia kwamba yule wa tatu, kama ukweli ungesemwa mapema, huenda angeokolewa.

Dada yangu akapimwa, damu yake ikafaa kuwekwa kwa mtoto, maana nayo haina kile kitu. Mtoto alipozaliwa, daktari alimtoa damu kidogo kidogo kupitia kitovu, akaingiza ya dada yangu mahali pake. Nilihesabu kila sindano... Akaishi!

Mama mkwe akaja Kasese na kuku, akimwita mtoto Bwambale. Nikamwambia huyu ni Kule. Akauliza kwa hasira, Bwambale na Masereka wako wapi? Nikamjibu wako nyuma ya nyumba yake, anawapita kila akienda kukata matoke. Alilia. Mimi sikulia, na kuku sikumpokea mpaka alipowataja wote wawili kwa majina.

Mume wangu anaomba nirudi Bwera. Bado nipo Kasese.

Dada zangu mnaosoma, nawasihi... mkiulizwa na daktari mmezaa wangapi, msimwachie mume wala mkwe awajibie. Watajeni na waliokufa, hata kama nyumba nzima inawakanyaga mguu mnyamaze. Aliye tumboni hana mwingine wa kumsemea.