Riwaya za Kufungia Karanga

Hili lilimpata rafiki yangu Rukaiya pale Kibiti, mwaka 1993, na mpaka leo nina hasira. Hata arobaini ya Bi Habiba, mwalimu wetu mstaafu, haijafika, mpwawe Fikirini keshaziuza riwaya zake kwa wauza karanga.

"Siku hizi soko huria," akatujibu. "Nani anasoma?"

Sisi tulisoma! Kila alasiri Bi Habiba alitusomea, kikombe chake juu ya kisahani, akilowesha kidole kwa ulimi kabla ya kufunua ukurasa.

Rukaiya alinunua karanga, akapita kwenye nyumba ya marehemu iliyofungwa kufuli. Ndani, gizani, kijiko kikagonga kikombe, sauti ikaanza kusoma. Akazimwaga karanga, akaikunjua karatasi: maneno yaleyale. Yalipoishia chini ya ukurasa, sauti ikanyamaza.

Karatasi ikageuka yenyewe mkononi mwake, na pembe yake ilikuwa imelowa.