Ufa Kwenye Kioo cha Mbele

Kila Jumamosi asubuhi, Chiriku aliosha gari la mama yake. Jina hilo alibandikwa nyumbani kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Mama yake alikuwa mkunga, na gari lile dogo ndilo lililomfikisha kwa wajawazito waliokaa mbali na zahanati.

Jumamosi moja alianza kwa mchezo. Alirusha kokoto juu na kuzipiga kwa ufito. Ya tano ikaenda kombo, ikalia ta! kwenye kioo cha mbele. Akakimbilia kutazama. Palikuwa na kidonda kidogo, hakizidi punje ya dengu. Alikitia mate, akakisugua kwa kidole, wapi!

"Nani atakiona?" alijiuliza. Akanyamaza.

Jumamosi iliyofuata jua lilikuwa kali na kioo kimepata moto. Chiriku akakimwagia ndoo ya maji baridi. Papo hapo kidonda kikaota mkia, mkia ukakimbia mpaka upande wa dereva.

Mama alitoka, akashika kiuno. "Malori haya ya kokoto! Bila shaka moja lilinirushia jiwe jana."

Chiriku alikuwa na maneno mdomoni. Akayameza.

Jumatatu baada ya shule walikwenda ofisi ya bima. Karani mwenye miwani akampa mama fomu. "Andika ilivyotokea, kisha utie sahihi. Sahihi yako ndiyo kiapo chako."

Mama akaandika: *Jiwe kutoka kwenye lori...*

Chiriku aliikodolea macho ile kalamu. Mama yake hakuwadanganya hata wagonjwa walioogopa sindano. Sasa alikuwa karibu kuutia uongo sahihi, bila kujua.

"Usiandike, mama! Ni mimi." Akaeleza yote.

Mama aliweka kalamu chini. "Siku tisa umenyamaza? Wewe?"

Karani alikohoa kuficha kicheko, akatoa fomu nyingine. "Mama, una bima kubwa. Inalipia kioo hata mtoto akikivunja kwa bahati mbaya. Lakini maelezo ya uongo yakigundulika, madai yote hukataliwa."

Kutoka hapo walikwenda gereji. Fundi wa vioo alipitisha kidole juu ya ufa. "Mngekileta kikiwa na kidonda tu, ningekijaza gundi yake kwa nusu saa. Sasa ufa uko mbele ya macho ya dereva. Lazima kibadilishwe, na kingine kitafika Alhamisi."

Ikawa mama anakwenda kwa miguu, na Chiriku, akitoka shule, anambebea mkoba. Jumatano walimfikia mjamzito mmoja huku uchungu umepamba moto. Mama aliingia ndani mbio. Chiriku alibaki mlangoni mpaka aliposikia mtoto akilia. Wote wawili, mzazi na mwanawe, walikuwa salama.

Kesho yake kioo kipya kiliwekwa. Mama hakuwasha gari mara moja.

"Jana tulichelewa kidogo," alisema. "Tungechelewa zaidi, sijui ningesema nini kwa watu wale. Mwanangu, mkono hukosea. Kwa hilo sikulaumu. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta. Kosa liseme lingali dogo, maana likikua halimwumizi aliyelificha peke yake."

"Nimekuelewa, mama. Nisamehe."

"Nimeshakusamehe. Funga mkanda, twende tukamwone yule mtoto."