Kiti cha Usumbura

— Sikuja kugombana, Mwamini. Nimekuja kukuoa.

Mwamini hakuacha kusugua ubao. Mwaka mzima Radjabu alikuwa mjini Usumbura kwa Wadachi, wale Wajerumani, hata salamu hakutuma. Leo ameshuka mtumbwini hapa Rumonge na kanzu mpya, akavizia wakati fundi Mustafa ameenda msikitini.

Fundi Mustafa, baba yake Mwamini, ndiye aliyemfundisha Radjabu useremala. Macho ya mzee yalipoingia giza, kazi ikabaki kwa vijana wawili: Radjabu akiunga viti na vitanda, Mwamini akichonga nakshi uani, wateja wasimwone, maana nani angenunua kazi ya binti? Huko uani ndiko walikopendana. Ofisa mmoja wa Kidachi alipoagiza kiti cha mvule, Mwamini alikichongea majani ya michikichi mgongoni mpaka vidole vikachubuka. Radjabu akakipeleka, akaapa kurudi na mahari.

Akabaki hukohuko. Wavuvi wa Minago ndio walioleta habari kwamba amefanywa mkubwa wa maseremala.

— Umeoa?

Radjabu akainamisha kichwa.

— Nimeoa. Lakini dini inaruhusu. Nafasi yako iko.

— Na kile kiti, ulisema nani alikichonga?

Hapo Radjabu akaanza kuzungusha maneno. Ofisa alitaka vingine vya kufanana na kile. Amejaribu mwenyewe, mbao zimempasukia, na sasa Mdachi anamtilia shaka.

— Kumbe hukufuata muke, Mwamini akasema polepole. Umefuata mikono.

— Nakupenda, haki ya Mungu.

— Ungenipenda, ungetaja jina langu. Rudi kwa mukeo, Radjabu.

Alipoondoka, Mwamini alilia huku ameuma kanga, jirani wasisikie. 

Kesho yake akashika msumeno, akaanza kujifunza kuunga. Kiti cha kwanza kiliyumba, akakipasua kuni. Cha pili kikasimama. Mzee alikikalia, akapapasa viungo, uso ukamchanua.

— Radjabu amerudi? Huu mukono wake.

— Si yeye, baba. Ni mimi.

Tabasamu likamzimika mzee. 

— Sasa nani atakuoa, mwanangu, ukifanya kazi ya kiume?

 Mwamini akavuta ubao mwingine, akatafuta patasi.