Pampu Yetu Iligawiwa Huku Mzee Ezekieli Amekaa Kimya

Wadau, nimeona kwa macho yangu pampu ya maji ya shule yetu ikigawiwa watu wengine, na wazee wa kijiji cha Misigiri wamekaa mbele yangu kama wanasubiri kupigwa picha ya kitambulisho.

"Kama hakuna pingamizi," alisema Ingrid ndani ya laptop, "pampu ya Misigiri tunaihamishia Malawi."

Kimya...

Mwalimu Evodia akatafsiri.

Kimya tena. Jogoo wa mpishi ndiye pekee aliyechangia hoja.

Mimi ni Witness, kidato cha tano, fundi wa laptop kwa uteuzi wa mkuu wa shule, baada ya kukosekana mtu mwingine anayejua kuwasha kamera. Nilikuwa nimeingia, nimechomeka waya, nimekaa.

Mkuu alishatangaza: muhula huu ukiisha bila maji, bweni la wasichana linafungwa. Kwetu ni Kinampanda, si pa kwenda na kurudi kwa miguu. Bweni likifungwa, shule yangu ndiyo imeishia hapo.

Mradi wenyewe ulikuwa hivi. Ingrid, msimamizi, yuko Denmark. Pampu inatengenezwa India na Bwana Raghunath, mzee wa nywele nyeupe ambaye vikao vyote alikuwa anatutazama tu. Sisi tuna kisima.

Na tangu kikao cha kwanza Ingrid aliuliza jambo moja: maji yenu yana chumvi ya kuila pampu, au hapana?

Hakujibiwa. Akaona hatujali.

Nikamnong'oneza Mwalimu Evodia.

"Mwalimu, si umjibu tu?"

"Mzee Ezekieli hajasema."

"Kwani anasubiri nini?"

"Witness, huyo mama amemsalimia nani?"

Nikavikumbuka vikao vyote.

Kweli. Kila kikao Ingrid huingia na ajenda mkononi: ya kwanza, ya pili, kwaherini. Na kwa Mzee Ezekieli, mwenyekiti wa kamati ya maji, kikao kisicho na salamu hakijaanza. Mzee hakuwa amenuna. Alikuwa anasubiri kianze!

Na kabla yake, nani atafungua mdomo?

"Basi nimwambie Ingrid asalimie."

"Umwambie mgeni hana adabu, mbele ya wazee? Thubutu."

Ingrid akatazama saa. "Nachukulia kimya chenu kuwa mmekubali."

Akilini nikaliona godoro langu limekunjwa, sanduku langu la bati limefungwa kamba nyuma ya bodaboda, na mimi juu yake kama mzigo wa tatu.

Nikamwomba Mungu aangalie pembeni kidogo. Nikamwandikia Ingrid ujumbe:

"Samahani, sauti yako huku inakatika. Tupime. Tazama kamera, useme polepole: Shikamoo Mzee Ezekieli. Habari za nyumbani?"

Akakunja uso. Akaisogelea kamera.

"Shi-ka-moo... Mzee Ezekieli. Habari za nyumbani?"

Mzee akainua kichwa. Akavua kofia.

"Marahaba, mwanangu. Sisi wazima. Kwenu hawajambo? Mifugo je?"

Mwalimu akatafsiri yote, mpaka mifugo.

Ingrid akaiweka ajenda kando. Kisha, taratibu: "Mifugo sina. Mama yangu anaumwa."

"Pole sana. Anaumwa nini?"

Wadau, bando lilikuwa linakata roho, na kikao kimehamia wodini Denmark. Nilitamani kulia.

Lakini Mzee alikuwa hajamaliza kusalimia.

"Na huyo mzee mwenzangu wa India, mbona hatumsikii? Za huko, ndugu yangu?"

Bwana Raghunath akaunganisha viganja. "Asante kwa kuniuliza. Pampu hii niliitengeneza kwa ajili ya maji ya chumvi. Hailiki."

Ingrid akadakia. "Mbona hukusema siku zote?"

"Uliuliza kama nina pingamizi. Sikuwa na pingamizi. Nilikuwa na jibu."

Mzee Ezekieli akaitikia kwa kichwa. "Chumvi ipo, mwanangu. Ng'ombe wanaipenda, sisi tunaivumilia. Ilete tu."

Malawi ikafutwa palepale, Ingrid akiahidi kuwatafutia nyingine. Bando likakata baada ya hapo, kwa heshima zote.

Nikawa nakusanya waya zangu ninyate nje. Mzee akaniita.

"Wewe, binti wa Kinampanda. Ile sauti ilikuwa inakatika?"

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Nimekuuliza."

"...Haikukatika, babu."

"Najua. Na hiyo shikamoo yako ndiyo ya kwanza tangu mradi uanze."

Nikaziweka waya chini.

"Kila kikao unaingia na mashine yako, unachomeka, unakaa. Ungeniamkia siku ya kwanza, ningekuuliza mbona mgeni wako haamkii. Tungemaliza siku ileile."

Leo bweni lipo. Maji yana chumvi, chai yetu ina ladha ya supu, na sijasikia msichana akilalamika.

Funzo, enyi wasimamizi wa miradi ya dunia: kimya cha mtu si ndiyo yake. Kabla hujamdai jibu, muulize ameamkaje.

Na najua mmegundua kwamba hata nyinyi nimewaingilia na habari zangu moja kwa moja.

Haya. Wakubwa, shikamooni. Wenzangu, mambo?

Sasa ndiyo kikao kimeanza. Maoni ruksa.