Bei ya Tiketi ya Maskati

"Usinifundishe bei ya tiketi, Suhaib. Mie ndiye ninayeziuza."

Simu ilikoroma. Hamisa aliubana mkonga kati ya bega na sikio, akaendelea kugonga muhuri kwenye tiketi ya mteja wa Nairobi. Ofisi yao ya wakala wa tiketi za ndege, barabara ya Kinondoni, ilikuwa na simu moja tu ya kimataifa, na bosi alikuwa hapendi iongee mapenzi. Leo bosi alikuwa kwenye mazishi.

"Sikufundishi, mpenzi," Suhaib akasema kutoka Maskati. "Nasema ninachokiona. Tiketi hazishikiki. Nije, nirudi, halafu nikulipie na wewe. Tukiozeshwa kwa wakili, nalipia ya kwako tu, unanikuta huku."

"Wakili nani?"

"Kaka Marijani. Atakaa mbele ya shehe, apokee ndoa kwa niaba yangu. Dini inaruhusu."

"Najua dini inaruhusu. Wewe je, unaruhusu? Miaka mitatu sijakuona, halafu siku ya harusi yangu nimtazame Marijani?"

"Usimtazame. Tazama chini, kama mabibi harusi wenzio."

Suhaib alicheka. Hamisa hakucheka.

"Nipigie Jumapili kwa jirani, mama Filomena. Nitakupa jibu."

Alirudisha mkonga mahali pake. Kwenye meza ya pili, Raudha alikuwa ameshaacha kuandika zamani.

"Ana mwanamke," Raudha akasema.

"Ushahidi?"

"Mwanaume anayependa hahesabu tiketi."

"Mwanaume asiyehesabu tiketi ndiye anayeshuka uwanja wa ndege akaomba nauli ya teksi. Nimekuomba ushahidi, shoga, wewe unanipa taarabu."

"Haya. Mie nimesema. Ukifika huko ukakuta mwenzio anakupakulia wali, usinipigie simu."

Jioni Hamisa alimkuta baba yake barazani. Mzee Mbwana alikuwa mtunza ghala bandarini mpaka alipostaafu, na bado alikuwa na tabia ya kutopokea kitu bila kukigeuza kwanza.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Umeongea na mwenzio? Watu wa Temeke wamekuja leo. Shangazi yake, Bi Somoe, anataka ndoa ya wakili ifungwe Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Nimewaambia sina kipingamizi."

"Mie nimeulizwa?"

"Ndiyo nakuuliza."

"Umeniuliza baada ya kuwajibu."

Mzee Mbwana akakohoa. Alijua amekosea, na alijua binti yake hatalipandishia sauti jambo hilo, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

"Kijana amesema tiketi ni ghali, nikaona ana haki. Hivi kwa nini zimepanda namna hii? Ndege ni zile zile, hewa ni ile ile."

Hamisa alivua viatu, akakaa mkekani.

"Ndege nyingi si za mashirika yenyewe, Baba. Zimekodiwa, na kodi inalipwa kwa dola. Mafuta dola, bima dola, vipuri dola. Basi nauli ya Maskati inapangwa kwa dola, sie tunaigeuza iwe shilingi siku anapokuja mteja. Zamani serikali ndiyo iliyokuwa ikisema dola moja ni shilingi ngapi. Siku hizi linasema soko. Miaka kumi iliyopita dola ilikuwa haifiki shilingi ishirini. Leo imevuka mia tano."

"Laa ilaha illallah!"

"Ongeza na biashara kufunguliwa. Kila mwenye duka Kariakoo anataka kwenda Dubai kuleta redio na vitambaa. Safari zenyewe chache, viti vinagombaniwa. Kiti kikigombaniwa, mwenye ndege apunguze bei kwa nini?"

"Kumbe nauli haijapanda sana. Shilingi ndiyo imeanguka."

"Kubwa ni hilo. Kwa dola imeongezeka kidogo tu. Shilingi ndiyo..."

Mzee Mbwana akamwangalia.

"Ndiyo nini?"

"Suhaib halipwi shilingi, Baba."

"Analipwa riali."

"Na riali imefungwa na dola, haijaanguka. Tangu aondoke hapa, kwake yeye tiketi imepanda kidogo sana. Ni ghali kwetu. Kwake si ghali."

Mzee Mbwana aliligeuza neno hilo kama alivyokuwa akigeuza magunia ya bandarini.

"Basi kijana ametudanganya. Kesho asubuhi nakwenda Temeke kuvunja uchumba."

"Usiende. Nauli siyo sababu, hilo tunalijua. Sababu yenyewe hatuijui bado. Nikishaijua, ndipo nitakuambia uende au usiende."

Jumapili, mama Filomena alimkaribisha sebuleni, akazima redio, akakaa kuchambua mchele hatua chache kutoka kwenye simu. Muuguzi huyo wa Bukoba alikuwa hana haraka na mchele wake. Simu ilipolia, alichagua punje moja na kuikagua kwa makini.

"Hamisa, umeamua?"

"Nina swali kwanza. Riali imeanguka?"

"Riali? Haijaanguka."

"Basi tiketi ya Dar es Salaam kwako ni karibu ile ile ya siku unaondoka. Mshahara wako umepungua?"

Laini ikakoroma.

"Suhaib, simu hii ni ghali kuliko tiketi. Umefukuzwa kazi?"

"Hapana. Nipo pale pale, ghala la vipuri vya magari."

"Kuna mwanamke?"

"Wallahi hakuna."

"Sauti yako haijatetemeka. Nakubali. Sasa nipe sababu, maana bila sababu hakuna ndoa. Ya wakili wala ya mwenyewe."

Suhaib alivuta pumzi ndefu.

"Kila mtu wa Temeke anayefika huku ananiletea salamu za Shangazi Somoe. Unajua salamu zenyewe? Friji. Doti za kanga za wanawake wote wa ukoo. Mjomba anataka redio ya kaseti. Marijani viatu, na amenitumia kipimo cha mguu wake kimekatwa kwenye boksi la sabuni. Ni ndugu zangu, Hamisa, wamenilea. Lakini wanadhani huku riali zinaokotwa."

"Waambie hazitoshi."

"Unamkumbuka Adamu wa mtaa wa nyuma? Alirudi kutoka huku Uarabuni na begi moja. Wanawake walimtungia wimbo. Mpaka leo watoto wanamwita Mikono Mitupu, na ana mke na mtoto. Hela ya tiketi ninayo. Ya kupita mbele ya ule mtaa ndiyo sina."

"Kwa nini hukuniambia mie?"

"Kwa sababu tiketi ikiwa ghali, aibu ni ya shirika la ndege. Hii ni aibu yangu."

Mchele wa mama Filomena ulikuwa umesimama kabisa.

Hamisa aligundua kwamba hasira aliyokuja nayo haina pa kukaa. Mtu aliyekuwa tayari kukosa harusi yake mwenyewe ili asiwaangushe ndugu zake alikuwa amekosea, lakini hakuwa mbaya.

"Nisikilize. Sitaozeshwa kwa Marijani. Uje mwenyewe, au ndoa hii haipo. Ukija, njoo na begi la mkononi tu."

"Na Shangazi?"

"Niachie mie."

"Humjui Shangazi Somoe."

"Yeye ndiye hanijui. Kuna hela yoyote uliyoweka ya zawadi?"

"Ipo. Haitoshi hata nusu."

"Usiiguse. Nitakuambia inakwenda wapi."

"Hamisa... yaani hukasiriki?"

"Nimekasirika tangu Jumatano. Kata tiketi."

Alipoweka mkonga chini, mama Filomena aliinua uso kutoka kwenye ungo.

"Mwanangu, mimi sikusikia kitu," akasema. "Lakini umesema vizuri sana."

Siku ya Suhaib kutua, watu wa Temeke walikodi pikapu. Shangazi Somoe, mwanamke mnene mwenye sauti ya kutosha ukumbi mzima, alikaa mbele na dereva ili asimamie upakiaji. Marijani na vijana wengine walipanda nyuma na kamba za kufungia mizigo. Hamisa alikuwa ameshafika na baba yake, kwa kuwa alijua ratiba ya ndege ile kuliko mtu yeyote pale nje.

"Ehe!" Shangazi Somoe akapiga kofi. "Dunia imekwisha! Bibi harusi anakuja uwanjani kumpokea bwana! Sie zama zetu tulifungiwa ndani hata jua hatulioni."

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Nani kakuruhusu?"

"Baba yangu huyu hapa."

Mzee Mbwana akatazama angani, kama anayetafuta ndege nyingine.

Suhaib alitoka. Alikuwa amenenepa kidogo mashavuni na amekonda mabegani, na mkono wa kulia ulibeba begi la kitambaa. Macho yake yalimtafuta Hamisa kwanza, yakampata, yakasahau kuondoka.

"Mizigo iko nyuma?" Shangazi Somoe akauliza.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mizigo iko nyuma?"

"Hakuna mizigo, Shangazi."

"Hakuna! Miaka mitatu Uarabuni! Na hili gari nililolikodi libebe nini?"

"Limbebe bwana harusi," Hamisa akasema.

Mmoja wa vijana wenye kamba alicheka, akakikanyaga kicheko chake haraka. Shangazi Somoe akageuka taratibu, mikono kiunoni.

"Wewe mtoto, nakuheshimu kwa ajili ya baba yako."

"Nami nakuheshimu, Shangazi, ndiyo maana nakuuliza mbele yako, sikusemi nyuma yako. Friji na Suhaib, ungeambiwa uchague kimoja, ungechukua kipi?"

"Swali gani hilo? Huyu nimemlea mie, mama yake kamwacha ananyonya!"

"Basi ulikuwa unakaribia kumkosa kwa ajili ya friji. Alikuwa haji. Ndiyo maana alitaka ndoa ya wakili. Hakuwa na hela ya vyote mlivyoagiza, akaona bora asionekane kuliko atungiwe wimbo."

Shangazi Somoe alimtazama Marijani.

"Wewe ulijua?"

"Mie niliambiwa tiketi ghali," Marijani akasema. Alikuwa anaangalia viatu vyake vya zamani.

"Suhaib. Ni kweli?"

"Ni kweli, Shangazi."

Shangazi Somoe alishika ncha ya kanga yake, akaipeleka kwenye jicho moja, kisha la pili, kisha akaishusha kwa nguvu kama aliyeigombeza.

"Mpumbavu mkubwa wewe," akamwambia mpwa wake. "Panda mbele. Mie nitakaa nyuma na makamba."

Ndoa ilifungwa Ijumaa, baada ya sala ya alasiri, nyumbani kwa akina Hamisa, Kinondoni. Wanaume walijaa barazani hadi uani. Ndani, kwenye chumba chenye harufu ya udi, Mzee Mbwana aliingia na mashahidi wawili.

"Mwanangu Hamisa. Safari hii nakuuliza kabla sijawajibu watu. Nikuoze kwa Suhaib?"

"Nioze, Baba."

"Mahari yako?"

"Tiketi ya ndege, Maskati kuja Dar es Salaam na kurudi Maskati. Jina langu, tarehe wazi. Atanunua kwa hela aliyoiweka ya zawadi."

Mashahidi wakatazamana. Mzee Mbwana akainama karibu na binti yake.

"Unaolewa huku umeshika tiketi ya kuondoka?"

"Baba, nilikueleza kwa nini tiketi ni ghali. Huko sitakuwa na mshahara wangu. Nikitaka kuja kuwaona wewe na Mama, nisimwombe mtu."

"Watasema unajiandaa kukimbia."

"Anayetaka kukimbia hatangazi mbele ya baraza zima. Na nimetaja kurudi Maskati, Baba. Wakisema, wakumbushe hilo."

Mzee aliligeuza neno hilo. Akaridhika nalo, akatoka.

Shehe alipoyataja mahari kwa sauti, baraza lilivuma. Mtu akauliza kama ni halali, shehe akajibu kwamba ina thamani, inajulikana, na bibi harusi ameitaka, sasa anyamaze. Kutoka dirisha la wanawake sauti moja ikapaa juu ya nyingine zote:

"Jamani, friji yangu imeota mabawa!"

Kicheko kilizunguka uani. Shehe akasubiri kitulie, akaushika mkono wa Suhaib, akamsomea maneno ya kufuata.

"Nimekubali kumuoa Hamisa binti Mbwana kwa mahari yaliyotajwa," Suhaib akasema, wazi, mpaka chumbani kwenye udi walisikia. Kisha akaongeza, "Na tiketi ya mwaka ujao pia."

"Inatosha, kijana," shehe akasema. "Umeshaoa."