Nani Aliyemwita Bibi Pasi

Maiti ilikutwa saa mbili asubuhi ndani ya ndoo ya kufulia, kichwa chini, waya ukining'inia nje.

Inspekta aliinama, akachungulia, akainuka akivuta masharubu yake.

"Mama, kituoni umesema kuna aliyezamishwa."

"Si huyo hapo?"

"Hii ni simu."

"Ilikuwa simu. Sasa ni marehemu."

Mwenye nyumba alikuwa mkunga mstaafu. Nusu ya mtaa ule ilipita mikononi mwake ikilia, Inspekta akiwemo, kwa hiyo hakuweza kumfokea. Mtu aliyekuchapa makalio hata jina hujapewa, utaanzia wapi kumtisha?

"Nani kaizamisha?"

"Mimi. Andika, usione haya. Lakini mimi nilikuwa mkono tu. Nataka umkamate aliyenifikisha hapa."

"Karibu kiti, Inspekta," ilisema sauti kutoka dirishani. Ni mumewe, Mwalimu wa zamani, ambaye macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Maneno hayo aliyaelekeza kwenye kabati la vyombo.

Mkunga akaeleza. Kwa miezi miwili simu ya mezani haikupumzika. Magodoro. Sufuria zisizoshika ukoko. Dawa ya kuotesha nywele. Bima ya mazishi.

"Jana peke yake mara kumi na tisa. Hao wa mazishi wamepiga mara tatu, kama vile kuna kitu wanakijua."

"Si ungechomoa waya?"

"Nilichomoa wiki iliyopita. Siku hiyohiyo hospitali ikapiga kumwita huyu kwenye upasuaji. Nilipokwenda kuuliza, zamu yake keshapewa mwingine. Watapiga tena Ijumaa asubuhi. Tukikosa na hiyo, anarudi mkiani mwa foleni, mwaka mzima." Hapo akashusha sauti. "Daktari anasema jicho la kushoto halina mwaka mzima."

"Sasa kwa nini umeizamisha?"

"Leo imelia, nikakimbia na povu mikononi nikidhani hospitali wamewahi. Magodoro! Nimekuja kushtuka, iko ndooni."

Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Inspekta hakuona tena mzaha. Aliagiza simu nyingine kutoka stoo ya kituo, akaichomeka kwenye waya uleule, akaketi. Hata kiti hakijapata joto, ikalia.

"Haloo, nyumbani kwa Bibi Pasi?"

"Kwa nani?"

"Bibi Pasi. Nina habari njema kuhusu mgongo wako na godoro…"

Inspekta akakata. "Mama, nani anakuita Bibi Pasi?"

"Hao hao. Mtaa mzima unaniita Mkunga. Mimi naona wananitukana. Nimekunjamana kiasi gani mpaka nihitaji kunyooshwa?"

Simu ikalia tena. Sufuria. Bibi Pasi. Ikalia tena. Nywele. Bibi Pasi yuleyule.

"Makampuni matatu, jina moja," alisema Inspekta. "Basi limetoka mdomo mmoja."

Kisha mkono wake ukaganda kwenye masharubu. Kuna jambo la nyumbani kwake alilikumbuka, na hakulisema. Macho yake yalikuwa rafuni, kwenye pasi ya umeme iliyofungwa kikaratasi kwenye mpini kwa uzi.

"Hii iliharibika?"

"Ilikufa kabisa. Fundi Waya kaifufua."

"Ulimwachia namba ya simu?"

"Anipigie ikipona."

"Nikopeshe."

"Ushahidi?"

"Kielelezo namba moja."

"Na marehemu?"

"Namba mbili. Muanike juani."

Fundi Waya alikuwa na karakana nyembamba kama yeye mwenyewe, imejaa redio zilizopasuliwa matumbo. Inspekta akaiweka pasi mezani.

"Unaijua?"

Uso wa fundi ukachangamka. "Huyu! Waya wake uliungua karibu na plagi. Anapata moto vizuri?"

"Ya nani?"

"Ya mama mmoja."

"Mama yupi?"

"Afande, mimi sura za watu hazikai kichwani. Vitu ndivyo vinakaa."

"Lete daftari la wateja."

Likafunguliwa. Hapakuwa na jina hata moja alilopewa mtu na wazazi wake. Mama Blenda. Mzee Redio Kubwa. Dada Jiko. Bibi Pasi. Mbele ya kila mmoja, namba ya simu ya nyumbani. Ukurasa wa tisa, kidole cha Inspekta kikasimama.

"Bwana Feni. Huyu ni nani?"

"Ah, huyo alikuwa na feni linalokoroma, na masharubu kama…" Fundi akainua macho.

"Miezi miwili," Inspekta alisema polepole, "watu wanapiga nyumbani kwangu wakimtafuta Bwana Feni. Mke wangu anaamini ndilo jina langu la kutongozea. Hivi sasa nalala sebuleni."

"Pole, afande."

"Nani mwingine anashika daftari hili?"

"Hakuna."

"Linafungiwa?"

"Kabatini."

"Ufunguo?"

Mkono wa fundi ukaenda shingoni wenyewe, ukagusa kamba yenye ufunguo. Akajikalisha juu ya runinga mbovu.

"Nina mapacha, afande. Miezi minne. Wakifumba macho tu, simu inalia: magodoro. Mke wangu akaniambia nichague, simu au wao. Nikambembeleza yule mpigaji anifute orodhani. Akasema atanifuta nikimpa wengine mia badala yangu. Nikamsomea daftari lote. Tangu siku hiyo kwangu kimya. Kimya kitamu, sikufichi."

"Na hukujua kelele zako zimehamia wapi?"

"Nilijua." Akaangalia vidole vyake. "Nilijiambia hivi ni vitu. Pasi. Feni. Nani atamhurumia blenda?"

"Mapacha wako walizaliwa wapi?"

"Nyumbani. Uchungu ulikuja ghafla. Alikuja mkunga mmoja mstaafu mvua ikinyesha, miguu peku, hakutaka hata asante."

"Ulimwona uso?"

"Nilikuwa nawatazama wanangu."

Inspekta akaisogeza pasi karibu naye. "Basi mtazame. Ndiye huyu."

Fundi akajifunika uso kwa mikono yote miwili.

"Sasa piga simu kwa huyo rafiki yako," alisema Inspekta.

Ikapigwa. Upande wa pili sauti ikachangamka, ikauliza kama kuna majina mapya. Inspekta akachukua mkono wa simu.

"Yapo. Mimi ni Bwana Feni. Nyumbani naitwa Baba, kazini naitwa Inspekta. Nina daftari, nina mtu aliyekiri, na pingu zimebaki jozi moja. Wote mliowapa orodha hiyo waifute leo hii. Kesho nakuja ofisini kwako kuchukua maelezo yako, na nisiikute hata kwenye pipa la taka."

Alhamisi simu ya Mkunga haikulia hata mara moja. Aliinyanyua mara mbili kusikiliza kama bado inapumua.

Ijumaa, saa nne kasoro, ikalia. Mwalimu akaacha kutikisa mguu. Mkunga akafuta mikono kwenye kanga, akafuta tena.

"Haloo?"

"Nyumbani kwa Mwalimu, mgonjwa wa macho?"

"Rudia."

"Mwalimu, mgonjwa wa macho. Jumatatu saa moja asubuhi, mama. Aje hajala."

"Atakuja hajala, hajanywa! Akichelewa namleta mgongoni!"

Akapiga kigelegele palepale, simu ingali sikioni. Karani wa hospitali, masikini, aliziba sikio siku nzima.

Baada ya majuma matatu Inspekta alirudisha pasi. Fundi alikuwa anasubiri siku yake mahakamani, na Inspekta alikuwa amerudishwa chumbani kwake kwa heshima zote.

"Karibu kiti, Inspekta," alisema Mwalimu, na safari hii kabati halikuambiwa kitu. Alimtazama mgeni uso kwa uso, muda mrefu, kama anayesahihisha daftari la mwanafunzi mvivu.

"Kumbe masharubu yenyewe ndiyo haya yaliyokunjamana?" Akamgeukia mkewe. "Mama, hebu ichomeke hiyo pasi."